Injili ya Barnaba na Aibu Yetu ya Iringa



Wengi mnatujua kwa mashela na magauni. Leo mtuvumilie kidogo, tuna jambo la dini limetukaa kifuani, na tutalisema kama mafundi cherehani, si kama masheikh. Sisi tumeishia fomu foo na kozi ya ushoni.

Mara mbili kwa mwaka tunapanda na mzigo bara. Boti mpaka Dar, basi mpaka Iringa kupitia mlima Kitonga (huo mlima una dua zake), kisha Mbeya, soko la Mwanjelwa. Wateja wetu huko wengi ni Wakristo: Wamoravian, ambao wako Rungwe tangu 1891, Walutheri, na Wakatoliki wa Iringa ambao ukiwauliza asili ya kanisa lao watakutajia Tosamaganga. Wanapenda lesi zetu na mikono mirefu, maana hata kwao mabega wazi madhabahuni yana maneno.

Safari iliyopita tulikuwa Iringa mjini, nyumbani kwa bibi harusi, tunampima gauni kwa mara ya mwisho. Mama yake mkubwa ni katekista. Akawa anatusimulia somo lililochaguliwa kusomwa kanisani siku ya ndoa, kutoka kitabu cha Tobiti. Humo yumo binti aitwaye Sara, ameolewa mara saba, na kila mume anakufa usiku wa harusi kwa sababu ya pepo. Sisi tukatazamana. Jini mahaba huyo! Wa nane, Tobia, anamwambia mkewe wainuke kwanza wamuombe Mungu kabla ya kulala, na asubuhi yu hai. Tukamwambia na sisi tunao usia wa rakaa mbili usiku ule, na bibi harusi husomeshwa na somo wake. Mama akafurahi sana.

Matroni wa bibi harusi, yeye ni Mlutheri, akasema kwa mzaha, "Hicho kitabu kwenye Biblia yangu hakimo." Na kweli, Wakatoliki wana vitabu 73, Biblia yake ina 66. Tobiti, Yudithi, Wamakabayo na vinginevyo ndivyo tofauti yenyewe. Wakacheka wenyewe kwa wenyewe kama mawifi.

Hapo ndipo mmoja wetu, hatusemi nani, akadakia na pini mdomoni: "Si mnaona, ndiyo maana hata Injili ya Barnaba mliificha kule Nikea."

Chumba kikanyamaza. Yule mama akauliza kwa upole, "Mwanangu, wewe umeisoma?"

Hatujaisoma, mama. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameisoma. Tuliisikia kwenye mihadhara na kaseti za utotoni, tukaibeba kama ilivyo.

Tulipofika Mbeya baridi ilitufungia ndani, basi tukaisoma kwa simu, ile tafsiri ya Kiingereza ya 1907, kwa Kiingereza chetu cha fomu foo na kamusi pembeni. Wallahi tuliona haya zaidi kuliko siku ile Iringa.

Kwanza, mwandishi anampandisha Nabii Isa chombo ziwani Galilaya na kumteremsha Nazareti. Nazareti iko milimani! Ni sawa na mtu akwambie kapanda boti Malindi akashukia Iringa mjini. Kisha kutoka hapo anasema "akapanda" kwenda Kapernaumu, mji ulio ufukweni hasa. Pili, anataja yubile ya kila miaka 100. Yubile ya Mayahudi ni ya miaka 50. Aliyetangaza ya miaka 100 ni Papa Bonifasi wa Nane, mwaka 1300, na hata hiyo ikarudishwa 50 kabla karne haijaisha. Basi aliyeandika hivyo kaishi baada ya 1300, hakukaa na Nabii Isa. Nakala kongwe tuliyo nayo ni ya Kitaliano, iko Vienna.

Lakini lililotuuma sisi kama wanawake wa Kiislamu ni hili. Kitabu hicho kinasema Bibi Maryam alijifungua bila uchungu. Na sisi Sura Maryam tunaisoma tangu chuoni: uchungu ulimpeleka kwenye shina la mtende mpaka akatamani angekufa kabla ya siku ile. Nani kati yetu aliyezaa hajaikumbuka aya hiyo kitandani? Tena kitabu kinasema Isa si Masihi, Masihi ni Mtume Muhammad, ilhali Qur'ani yenyewe inamwita Isa Masihi. Kwa hiyo tulikuwa tunawapiga wenzetu kwa fimbo inayotupiga sisi kwanza.

Na Nikea je? Mkutano ule wa 325 ulikaa juu ya maneno ya Arius na siku ya Pasaka. Haukupanga orodha ya vitabu. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama walivyo navyo leo inaonekana katika barua ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, mwaka 367, na kabla ya hapo makanisa yalivutana miaka mingi. Ufunuo ulitiliwa shaka, Waraka wa Pili wa Petro pia. Kuna Waraka wa Barnaba, ambao ni kitabu kingine kabisa, wa zamani kweli, nao umo katika nakala kubwa ya karne ya 4 iitwayo Sinaiticus pamoja na Mchungaji wa Herma. Vilisomwa, vikapendwa, mwisho havikuingia. Waliuliza: kimetoka kwa mitume? Kinasomwa na makanisa mengi? Kinaafikiana na imani tuliyopokea?

Sisi maswali ya namna hii hayatushangazi. Maulamaa wetu wa hadithi waliuliza nani kapokea kwa nani, wakasema hii sahihi, hii dhaifu, hii ya kutungwa. Na hapa karibu yetu Habasha, nchi ya Najashi aliyewapa hifadhi Waislamu wa mwanzo, kanisa lao lina vitabu 81, na Kitabu cha Henoko kimesalia kizima kwa lugha yao ya Giizi tu. Wengine walikiacha, wao wakakihifadhi.

Najua kuna watakaosema, "Mmeanza kuwatetea." Na msomi mmoja atasema ipo orodha ya karne ya 6, ya vitabu vilivyokataliwa, inayotaja Injili ya Barnaba. Ipo kweli. Inataja jina tu, na maandishi yake hatuna. Jina la kitabu kilichopotea halikifanyi hiki cha Kitaliano kuwa ndicho. Sisi tunaamini Injili aliyoteremshiwa Isa kwa sababu Mwenyezi Mungu katuambia, na hapo tunatofautiana na yule mama, na atabaki anajua hivyo. Ila tumekatazwa kufuata tusilo na elimu nalo, na katazo hilo halikusema isipokuwa mbele ya Wakristo.

Tunayasema haya hasa kwa nyinyi mabibi harusi. Mume akihamishiwa kazi Mbeya, jirani yako wa ukuta mmoja atakuwa Mmoravian, na ndiye atakayekushikia mtoto ukiumwa. Kuna siku mtazungumza dini. Sema unachokijua, na usichokijua uliza.

Wakati wa kurudi tulipitia tena Iringa, tukamuomba radhi yule mama. Akasema ameshasahau, akatupa debe la viazi. Kisha akatuuliza kama kweli Qur'ani ina sura nzima yenye jina la Maryam, na kama ipo kwa Kiswahili. Tumempatia tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, ile ya 1969, tumeifunga ndani ya kanga mpya isichafuke njiani. Inaondoka na mzigo wa Jumatatu, pamoja na gauni la matroni, ambaye amesharudi kwetu kushonesha lake.