Mgonjwa wa Mapafu Nyumbani

Dada mmoja ametuletea barua ndefu juu ya mume wake. Kwa muda wa mwaka mzima bwana huyo alikohoa kikohozi kikavu, akapewa dawa za kifua kikuu ijapokuwa makohozi yake hayakuonekana na vijidudu, wala hakupata nafuu. Mwishowe alipigwa picha ya kifua kwa mashine ya skani, akaambiwa kuwa mapafu yamefanya makovu. Sasa jamaa wanashauriana kuuza shamba ili apelekwe India kubadilishwa mapafu. Dada anatuuliza: Je, tuuze?

Pafu zima ni laini kama sifongo. Penye kovu hukakamaa, na oksijeni hupita kwa shida kuingia katika damu. Ndiyo maana mgonjwa hutweta kwa kupanda ngazi tatu tu. Vumbi la mawe, asbesto, kinyesi na manyoya ya ndege wafugwao, ugonjwa wa baridi yabisi na baadhi ya dawa huweza kuleta makovu hayo, lakini mara nyingi sababu haijulikani. Kovu haliondoki. Dawa mbili, pirfenidoni na nintedanibu, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2014, hupunguza mwendo wa ugonjwa bila kuuponya.

Kwa hiyo, dada, anza na nyumba yako. Moshi wa kuni usimfikie kabisa. Mpe chakula kidogo kidogo mara nyingi, kwani tumbo likijaa hukibana kifua. Aoge akiwa ameketi kitini. Atembee kila siku kwa kadiri ya nguvu zake, maana misuli iliyolala huila pumzi upesi. Akipewa oksijeni, mtungi usikaribie jiko, koroboi wala sigara, na asipakwe mafuta ya mgando puani. (Tunajua wazee watapinga hilo la mafuta. Wapinge tu.)

Tuje kwenye shamba. Upandikizaji wa pafu ulijaribiwa kwanza kwa binadamu mwaka 1963 huko Mississippi, Marekani. Mgonjwa aliishi siku 18. Miaka 20 ilipita, na majaribio mengi yakashindwa, hata Novemba 1983, katika hospitali moja ya Toronto, Kanada, alipopandikizwa pafu moja mtu wa miaka 58 mwenye ugonjwa huu huu wa makovu. Alijua kwamba waliomtangulia hawakufanikiwa, naye akakubali. Aliishi zaidi ya miaka sita.

Leo takriban nusu ya waliopandikizwa huishi kupita miaka mitano. Lakini si kila mgonjwa hukubaliwa. Hupimwa moyo, figo, ini na meno. Hutafutwa saratani na maambukizo yaliyojificha. Hutazamwa anatembea umbali gani kwa dakika sita. Mvutaji wa sigara hukataliwa mpaka aache kwa miezi kadhaa. Aliyekonda mno na aliyenenepa mno wote huambiwa warekebishe miili yao kwanza. Tena lazima awepo mtu wa kumtunza, na jina hilo huulizwa mapema.

Baadaye huja kungoja. Pafu lazima lilingane na damu yake na ukubwa wa kifua chake, nalo halikai saa nyingi nje ya mwili. Hivyo mgonjwa hukaa karibu na hospitali, mfuko umefungwa, simu mkononi. Huenda akaitwa usiku wa manane, akatayarishwa, kisha akarudishwa kwa kuwa pafu lenyewe limeonekana bovu. Na akishapandikizwa, atakunywa kila siku, maisha yake yote, dawa za kuzuia mwili usilikatae pafu la mwenzake. Dawa hizo ni ghali, nazo huwafungulia mlango magonjwa mengine.

Basi msiuze shamba sasa. Mwombeni daktari apeleke kwanza picha na vipimo huko mnakokusudia, mpate jibu kama atapokewa, na hesabu ya dawa za miaka, si ya upasuaji peke yake. Lakini msikawie, ugonjwa huu haungoji vikao, na anayefika akiwa hawezi tena kutembea hurudishwa.

Jambo moja limetusumbua. Barua yako imetaja maoni ya shemeji, wajomba na mkweo. Ya mume wako mwenyewe hatukuyaona. Muulize jioni hii, akiwa ameketi na pumzi zimetulia, kisha utuandikie.