TAHARIRI: BARUTI YA RISASI SI YA GOBORE



Nguruwe wamerudi mashambani, na magobore yametolewa uvunguni. Hatumlaumu mtu kulinda mahindi yake. Lakini tumesikia wako wenzetu wanaofungua risasi za bunduki, wanatoa baruti na kuishindilia kwenye gobore. Jamani, huko ni kujiua!

Baruti ya gobore ni ile nyeusi, yenye moshi mwingi. Hii ya risasi za siku hizi haina moshi, na kipimo kilekile kina nguvu kuliko ile mara kadhaa. Mtutu wetu ni bomba tu, fundi kaligonga kwa nyundo. Ukipasuka, hupasukia nyuma, hapo hapo shavu lilipolala. Vichwa vya viberiti navyo msijaribu.

Tena gobore bila leseni ni kosa, sheria ya silaha ya mwaka 2015 haina mchezo.

Sisi tunasema mkutano wa Jumamosi uamue barua iende kwa bwana nyama wa wilaya, aje na bunduki yake. Mpaka aje, ni madebe na zamu za usiku. Majina ya zamu anayo katibu. Wengi bado hawajajiandikisha, na wenye mashamba ya bondeni ndio wachache kuliko wote.