Shauri kwa mama anayesafiri Bolivia

Juma hili tunazungumzia safari ya Bolivia, Amerika ya Kusini. Mji wa La Paz uko kwenye metre 3 600 hivi, juu kuliko kilele cha Nyiragongo. Uwanja wake wa ndege, kule El Alto, unapita metre 4 000. Hewa ya huko ni nyepesi: kichwa kinauma, tumbo linachafuka, usingizi unapotea.

Siku ya kwanza tupumzike, tutembee polepole, tunywe maji, tule kidogo, tuache pombe.

Mtoto mdogo hawezi kusema kichwa kinamuuma. Akilia bila sababu au akikataa kula, tumwangalie sana. Akihema hata akiwa ametulia, tusingoje asubuhi: tumpeleke kwa munganga, tena tumshushe kwenye mji wa chini.

Lakini homa kali tusiseme ni ya mlima. Huko juu malaria ni adimu, munganga anaweza asiifikirie. Tumwambie tumetoka Kongo, atupime damu. Kwa Kispanyola neno ni lile lile: malaria.