Mchezaji wa Akiba Hapimwi kwa Pointi Pekee

Wewe na mabeste zako hapo Kivaa mkibishana nani apewe tuzo ya mchezaji bora wa akiba NBA, mnakimbilia pointi, sivyo? Ngojeni kidogo. Msimu wa 2023/24, Malik Monk wa Sacramento alifunga wastani wa pointi 15.4 kwa mechi, Naz Reid wa Minnesota 13.5. Tuzo ikaenda kwa Reid. Kwangu ilikuwa haki: Karl-Anthony Towns alipoumia goti, Reid aliziba pengo, na timu ikamaliza na ushindi wa mechi 56. Uliza hivi: akiinuka benchi, mchezo unabadilika? Hata kwa timu yenu ya mtaa, mpeni heshima huyo. Asiposhukuriwa, msimu ujao hamtamwona uwanjani.