Mlango wa Hewa wa Motokaa: Masizi Yasitule Mshahara



Wengi wetu siku hizi tuna motokaa, lakini si mpya. Ni zile zilizokwisha kutumika Japani, kwa maana sheria ya Kenya yakubali gari kuukuu liingie mradi halijapita miaka minane. Hapa kwetu twaliendesha miaka mingi tena. Ndipo injini huanza kutetemeka gari likisimama kwenye taa, ama huzimika kabisa. Mwenzetu mmoja alipeleka lake gereji, akaambiwa anunue kifaa kipya, bei yake zaidi ya nusu ya mshahara. Kifaa chenyewe kilikuwa kichafu tu.

Kifaa hicho mafundi hukiita throto. Ni bomba fupi kati ya kisanduku cha kichujio cha hewa na injini, na ndani yake mna kisahani cha mviringo kinachofunguka tukikanyaga mafuta. Mguu ukitoka, kisahani hujifunga, lakini katika motokaa nyingi hakizibi kabisa. Hewa kidogo hupita ukingoni, nayo ndiyo inayoiwezesha injini kunguruma gari limesimama. Mvuke wa oili unaorudishwa katika njia ya hewa hugandamana pale pale ukingoni, ukawa masizi. Injini yakosa pumzi.

Sisi twasema kazi hii yaweza kufanywa nyumbani. Yataka bisibisi, kitambaa safi, mswaki mkuukuu, na mkebe wa dawa ya kusafishia throto. Wako wanaotumia petroli kwa kuwa iko karibu. Hatukubaliani nao hata kidogo. Hata dawa yenyewe hushika moto upesi, basi injini ipoe kwanza, waya wa hasi wa betri uondolewe, kazi ifanywe nje, wala sigara wala jiko visiwe karibu. Nyunyiza dawa kwenye kitambaa, si ndani ya bomba, kisha pangusa ukingo polepole. Kisu na msasa viwe mbali. Magari ya siku hizi husukuma kisahani kwa mota ndogo ya umeme, na gia zake mara nyingi ni za plastiki. Ukikilazimisha kwa kidole waweza kuzivunja, na swichi ikiwashwa kidole kimo ndani, kitabanwa.

Wako watakaosema kwamba twawanyang'anya mafundi wa jua kali chakula chao. Neno hilo si la kupuuzwa, kwani nao ni wafanyakazi kama sisi, tena wengi wao hawana chama cha kuwatetea. Lakini ugomvi wetu si na fundi anayeuza jasho lake. Ni na yule anayeuza kifaa kipya mahali pa kitambaa, akijua mteja hajui. Karakana ya reli haingoji kichujio cha hewa cha injini ya dizeli kizibe ndipo kiangaliwe. Kwa nini tungoje kwa mali yetu wenyewe?

Baada ya kusafisha, injini yaweza kunguruma kwa kasi kidogo, kwa sababu kompyuta ya gari ingali inakumbuka uchafu wa zamani. Nyingine hutulia zikiendeshwa kidogo. Nyingine hutaka mashine ya fundi. Na kama mtetemeko haukuisha, huenda ni plagi, koili, au hewa inavuja penginepo. Hapo mpelekee fundi, umwombe akuonyeshe kilichoharibika, kisha umlipe yote mliyopatana.