Damu Imepimwa, Lakini ni ya Nani?

Ndugu wakiambiwa kwamba mgonjwa wao ataongezewa damu, swali la kwanza huwa ni lile lile, iwe Bukoba au Mtwara: imepimwa? Swali hilo tulifundishwa na UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania walibainika mkoani Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi baada ya hapo chupa ya damu ilitazamwa kwa hofu kuliko ugonjwa uliomlaza mtu. Serikali iliijibu hofu hiyo. Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulianza mwaka 2004, kwa msaada mkubwa wa fedha za Marekani, vituo vya kanda vikasimama, na damu inayopita humo hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Kenya nao walijifunza kwa uchungu wao: bomu la ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, Agosti 1998, lilijaza majeruhi hospitalini, na huduma yao ya taifa ya damu ikajengwa baada ya msiba huo.

Sina ugomvi na swali la kupima. Nililo nalo ni kwamba tumeliacha libebe peke yake maana yote ya damu salama. Maabara ikishapitisha chupa, tunahesabu kazi imekwisha. Kumbe imebaki safari fupi, kutoka dirisha la maabara hadi kitandani, na katika safari hiyo damu isiyo na kijidudu chochote inaweza kumuua mtu kwa sababu tu ilikuwa ya mwenzake.

Karl Landsteiner alionyesha mwaka 1901, kule Vienna, kwamba damu za watu ziko katika makundi yasiyopatana. Mtu wa kundi O anatembea na kingamwili dhidi ya A na B hata kama hajawahi kuongezewa damu maishani. Ukimtundikia chupa ya kundi A, kingamwili hizo huzivamia chembe nyekundu ngeni na kuzipasua ndani ya mishipa. Mililita chache zinatosha kuanzisha balaa. Mgonjwa anatetemeka, anashika kiuno, presha inaporomoka, mkojo unatoka wa rangi ya Coca-Cola, figo zinagoma. Aliyelala usingizi wa ganzi mezani kwa upasuaji hawezi kulalamika; yeye dalili zake ni presha kushuka na kidonda kuvuja damu isiyotaka kuganda.

Kosa lenyewe ni la kawaida mno, ndiyo maana halitishi. Chukua wodi ya wazazi yenye akina Fatuma Ali wawili, jambo ambalo Pwani halimshangazi mtu. Muuguzi anatoa damu ya vipimo kwa kinamama watatu mfululizo, anatia vichupa mfukoni, anakwenda kuandika majina mezani kwa sababu kitandani hakuna pa kuandikia. Jioni chupa zinarudi kutoka maabara. Anasimama mbele ya mama aliyechoka na kuuliza, “Wewe ndiye Fatuma Ali?” Mama anaitikia, “Ndiyo, sista.” Angeulizwa lolote na mtu aliyevaa sare nyeupe angeitikia ndiyo. Swali linalofaa ni “Mama, unaitwa nani? Umezaliwa mwaka gani?” halafu majibu yalinganishwe na namba ya faili, kundi la damu na namba iliyo kwenye chupa. Kwa wachanga mambo ni magumu zaidi. Faili linasema “Mtoto wa Neema”, na Neema amejifungua pacha.

Uingereza wana mfumo uitwao SHOT, unaokusanya ripoti za madhara ya kuongezewa damu tangu mwaka 1996. Ripoti zake, mwaka baada ya mwaka, zinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya matukio chanzo chake ni makosa ya watu: sampuli ya huyu kuandikwa jina la yule, chupa kuchukuliwa bila kusomwa, kitanda kukosewa. Hiyo ni nchi ambako kila mgonjwa aliyelazwa huvaa mkanda wa jina mkononi. Sisi ambao wodi zetu nyingi hazina mkanda huo tunaamini kwa msingi gani kwamba tuna makosa machache kuwazidi?

Ninadhani tunafichwa na bahati. Karibu nusu ya watu wa ukanda huu ni kundi O, na chembe za O hazichokozi kingamwili za makundi mengine. Chupa iliyopelekwa kitanda kisicho chake, mara nyingi huwa ni ya O, au humwangukia mtu wa kundi lile lile, ikaisha salama na hakuna anayejua. Zikitokea dalili, zina pa kujificha. Katika wodi ya watoto wenye malaria kali, homa na kutetemeka ni habari ya kila saa. Nani atasema kwamba mtetemo huu umetoka kwenye mpira wa damu?

Wafaransa walichagua njia yao. Kabla ya kumtundikia mgonjwa chembe nyekundu, sheria zao zinataka mhudumu achukue tone la damu ya mgonjwa na tone la chupa, ayaweke kwenye kadi yenye vitendanishi pale pale kitandani, aone kama yanapatana. Kadi ina uzuri ambao mkanda hauna. Ikiwa sampuli iliandikwa jina lisilo lake tangu mwanzo, karatasi zote zitakubaliana na kosa hilo, na mkanda utakubali pia. Kadi ndiyo itakayokataa. Lakini kadi inaagizwa kutoka nje na ina tarehe ya mwisho, na inahitaji mtu aliyefundishwa kuisoma kwenye mwanga hafifu wa saa nane usiku. Tunazijua bohari zetu. Mimi ningeanza na mkanda wa mkononi kwa kila anayelazwa, na amri moja isiyo na mjadala: kichupa cha sampuli kiandikwe jina pale kitandani kabla mkono haujaachiwa. Kadi ije baadaye, kwanza leba na chumba cha upasuaji.

Wauguzi watanijibu, na wana haki. Mwongozo unataka joto, mapigo na presha vipimwe kabla ya kuanza, tena baada ya dakika 15, na mwishoni. Dakika 15 hizo za mwanzo ndizo mgonjwa anapaswa kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa ndipo mkasa mkubwa hujitokeza. Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku, mwenye wodi nzima, atazitoa wapi? Atatundika chupa na kukimbilia anayetapika upande wa pili. Kumlaumu huyo ni uonevu.

Hata hivyo, chupa nyingi zinazotundikwa usiku hazikuhitaji kutundikwa usiku. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hawezi kusubiri, wala mtoto anayehema kwa shida. Anayeandaliwa kwa upasuaji wa wiki ijayo anaweza kungoja asubuhi, wakati watumishi wapo. Halafu kuna mama wa mtoto, ambaye yuko kitandani usiku kucha na ndiye atakayeona mwanawe akibadilika kabla ya mtu mwingine. Tunamtuma kununua sindano. Hatumwambii sentensi mbili kwamba akianza kutetemeka, kuwashwa au kuhema vibaya, funga hii na uniite. Hiyo haihitaji bajeti.

Kuna pia mazoea ambayo hayana utetezi. Chupa iliyotoka kwenye jokofu inatakiwa ianze kutiririka ndani ya dakika 30, la sivyo irudishwe, na iishe ndani ya saa 4. Kuitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto ili ipungue ubaridi ni kuzipasua chembe kabla hazijamfikia mgonjwa. Dripu ya sukari haiunganishwi kwenye mpira wa damu.

Na wakati mwingine usalama ni kutoitundika kabisa. Utafiti wa TRACT, uliofanywa Uganda na Malawi na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2019, uliwafuatilia watoto wenye upungufu mkubwa wa damu. Kwa wale ambao hemoglobini yao ilikuwa kati ya gramu 4 na 6 kwa desilita na hawakuwa na dalili za hatari, kuwaongezea damu mara moja hakukupunguza vifo kuliko kuwaangalia kwa karibu na kuongeza pale tu hali ilipodai. Zingatia hayo maneno “kwa karibu”. Kumsubiri mtoto bila kumpima tena ni kumtelekeza, na kwa mara nyingine tumerudi kwenye idadi ya wauguzi.

Wapo watakaosema hofu hizi ni anasa, kwamba kinachoua hapa ni kukosa damu. Ni kweli wanakufa watu wakisubiri chupa. Lakini chupa iliyopotelea kwa asiye wake ni upungufu pia: mwenyewe ameikosa, na aliyepewa sasa anahitaji nyingine pamoja na mashine ya kusafisha figo.

Kila tarehe 14 Juni, siku aliyozaliwa Landsteiner, dunia huadhimisha Siku ya Wachangia Damu, na viongozi wetu husoma idadi ya chupa zilizokusanywa. Ningependa hospitali za rufaa zitakiwe kusoma na takwimu ya pili: matukio mangapi mabaya yaliripotiwa, na chupa ngapi za matukio hayo zilirudishwa maabara pamoja na sampuli mpya ya mgonjwa, badala ya kutupwa. Muuguzi aliyeripoti asiitwe mbele ya kamati ya nidhamu kwa kuripoti, maana kesho hataandika tena. Na hospitali kubwa inayoongeza watu damu kila siku ikileta sifuri kwa mwaka mzima, wakaguzi waanzie huko.