BARABARA IMEFUNGULIWA. NA KILIMA JE?



Ndugu zangu, masika iliyopita nilikwenda kuzika katika kijiji kimoja cha milimani. Gari liliishia pale kilima kiliposhuka na kuimeza barabara. Tukalishusha jeneza tukalibeba kwa kupokezana, tope magotini, mpaka makaburini. Wenyeji wakaniambia: shehe, hapa ni mara ya tatu. Mara mbili zilizotangulia greda lilikuja ndani ya siku chache, likasukuma tope bondeni, magari yakapita, picha zikapigwa. Kilima kikaachwa vilevile, kimechongwa wima kama ukuta, juu yake hakuna hata mtaro wa kukinga maji.

Sidharau kazi ya dharura. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang mpaka Katesh na vijiji vya jirani, wakafa watu zaidi ya 80. Siku kama ile huulizi ukuta wa mawe uko wapi. Unafukua, unatoa watu, unafungua njia ili mgonjwa afike hospitali na chakula kifike kwa waliobaki. Waliokesha kwenye tope lile, Allah awalipe.

Lakini kufungua njia ni nusu ya matengenezo. Ukikata mguu wa kilima ili upitishe barabara, umekiondolea kinachokishikilia. Mvua inaingia kwenye nyufa, udongo unalowa, unakuwa mzito, unateleza. Halafu lile tope tulilolisukuma upande wa chini limekaa legelege tu. Mvua ijayo linaondoka na ukingo wa barabara, linafukia shamba la mtu na kuziba karavati la mbele. Tumehamisha balaa kutoka kwa jirani wa juu kwenda kwa jirani wa chini, tukaita matengenezo!

Nusu ya pili ni mtaro wa juu ya mteremko, makapu ya waya yaliyojazwa mawe, karavati pana lililozibuliwa, majani na miti yenye mizizi ya kushika udongo. Kazi hiyo haina haraka wala picha nzuri. Jua likiwaka, dharura imekwisha, na fedha zimekwenda kwenye dharura nyingine.

Na kuna jambo jingine. Barabara za vijijini tangu 2017 ziko chini ya TARURA. Mashamba ya juu, viwanja, vibali vya kujenga, hayo ni ya kijiji na halmashauri. Basi greda linaishia pale hifadhi ya barabara inapoishia. Maji hayaujui mpaka huo. Mhandisi anasema kilima si changu, halmashauri inasema barabara si yangu, na sisi tunabeba jeneza. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati mpaka wilayani na vijijini. Kamati hizo zikae kiangazi, wote wawili wakiwa mezani, si kusubiri maiti.

Najua kuna atakayeandika hapo chini: shehe, hiyo ni qadar. Ndiyo, ni qadar. Lakini Sayyidna Umar (r.a.) alipofika Sargh akielekea Sham, akasikia kuna tauni, alirudi na watu wake. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia qadar ya Allah. Jibu lake mnalijua: anatoka kwenye qadar moja kwenda kwenye qadar nyingine, zote za Allah. Karavati lililoziba ni qadar, na karavati lililozibuliwa ni qadar. Hiyo ya pili unaipenda kwa nini usiifanye?

Tazameni Mai Mahiu, Kenya, tarehe 29 Aprili 2024. Maji yalijaa nyuma ya tuta la reli kwa sababu njia yake ya kupitia chini ilizibwa na takataka za mafuriko. Yalipopasua usiku yaliondoka na nyumba na watu waliolala, wakafa zaidi ya 40. Tundu lililoziba!

Sasa tujiseme na sisi. Nani amelima mpaka kwenye ukingo wa barabara? Nani amejenga kwenye korongo kwa sababu mwenyekiti ni shemeji yake? Nani anatupa pampasi kwenye mtaro? Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kuondoa kero njiani ni sehemu ya imani. Tumeizoea kwa mwiba na jiwe. Na kilima kinachoning'inia juu ya njia ya watoto wa madrasa, hicho si kero?

Kudai nako si fitina. Mwaka 2021 tuliongezewa Sh100 kwa kila lita ya mafuta kwa ajili ya barabara hizi. Kijana wa bodaboda ameshalipa. Kwenye mkutano wa kijiji, msiulize barabara itafunguliwa lini tu. Ulizeni mteremko umetengewa shilingi ngapi, nani anausimamia, na kazi inaanza kabla ya mvua ipi. Kwa adabu, na jibu liandikwe kwenye muhtasari.

Sisi Jumamosi baada ya Alfajiri tunazibua mtaro wa nyuma ya msikiti mpaka kwenye karavati la sokoni. Majembe tunayo manne na mabeleshi mawili. Mwenye ndoo aje nayo.